Kutembeza Wageni kwa Miguu Mji Mkongwe: Mwongozo kwa Mtembezaji Anayeanza

Matembezi mengi ya Mji Mkongwe yana haraka. Mgeni anapitishwa vituo ishirini kwa saa mbili, anaoneshwa mlango huu na mlango ule, anatajiwa masultani watano, na akirudi hotelini anabaki na picha nyingi asizojua ni za nini. Mji ule hautaki mbio. Nyumba zake zilijengwa na watu wenye sababu zao, kwa mawe yaliyotoka papa hapa kisiwani, na ukuta unazionesha sababu hizo kwa yeyote anayejua kutazama. Kazi ya mtembezaji ni kumfundisha mgeni kutazama. Tarehe na majina yanafuata nyuma.

Nimeandika kwa ajili ya vijana wanaoingia kwenye kazi hii Unguja. Hata hivyo, mwalimu anayetoka bara na wanafunzi wake, au mtu anayetaka kuwazungusha jamaa waliokuja kumtembelea, naye atapata la kushika.

Hatua ya 1: Weka karatasi zako sawa

Kutembeza watalii Zanzibar ni kazi yenye leseni, na Kamisheni ya Utalii ndiyo mahali pa kuanzia. Kitambulisho kivaliwe kifuani, kisikae mfukoni. Kinakutofautisha na papasi, wale wanaowaandama watalii mitaani bila leseni, na kinamwondolea mgeni wasiwasi kabla hujafungua mdomo. Ulizia mapema viingilio vya kila mahali unapokusudia kuingia, hasa kanisa la Mkunazini na jumba la makumbusho la Mizingani, kisha umwambie mgeni waziwazi kama bei yako inavijumuisha au la. Ugomvi mwingi wa mwisho wa safari unatokana na jambo hili moja kuachwa bila kusemwa.

Hatua ya 2: Itembee njia yako peke yako

Ipite asubuhi, ipite adhuhuri, ipite alasiri. Vichochoro hubadilika. Penye kivuli saa tatu asubuhi pana jua kali saa sita. Mlango uliofungwa asubuhi, jioni unakuwa wazi na kuna mama anauza visheti mbele yake. Majumba ya Mizingani yametazama baharini upande wa magharibi, kwa hiyo asubuhi yanajitupia kivuli mbele yake na unaweza kusimama na wageni kwa raha. Alasiri jua linawapiga watu usoni, ila kuta zinapendeza zaidi kwa picha. Amua kwanza unataka kipi.

Angalia pia wapi watu kumi wanaweza kusimama bila kuziba njia. Hapa watembezaji wengi hukosea. Kichochoro cha Kiponda au Hurumzi kina baiskeli, vespa, mikokoteni na wanafunzi wanaowahi chuoni. Kundi likijazana katikati, wenyeji wanakereka, na wana haki ya kukereka. Tafuta kona, uwanja mdogo au kipenu cha duka lililofungwa, na ukiweke alama kichwani mwako kuwa ndicho kituo, hata kama jengo lenyewe liko hatua ishirini mbele.

Hatua ya 3: Jua nyumba imejengwaje

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Asiyelijua jiwe ataishia kuhadithia masultani tu.

Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe hayo hayo: yalipangwa juu ya rundo la kuni, yakachomwa, kisha yakamwagiwa maji mpaka yakalainika. Jiwe la tumbawe lina matundu na si gumu kama mawe ya milimani, ndiyo maana kuta zikajengwa nene, mara nyingi zaidi ya nusu mita. Unene huo unazuia joto la mchana lisipenye haraka. Mpe mgeni nafasi aweke kiganja ukutani ndani ya nyumba saa saba mchana, halafu atoke aguse ukuta wa nje unaopigwa na jua. Hutahitaji kueleza zaidi.

Baada ya ukuta, boriti. Dari na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko haurefuki kiasi cha kuvuka chumba kipana. Matokeo yake vyumba vya nyumba kongwe ni virefu na vyembamba, upana wake kama mita mbili na nusu hadi tatu. Ukipata chumba cha namna hiyo, mara nyingi duka au mkahawa, mwambie mgeni asimame katikati, anyooshe mikono, kisha atazame juu. Ataona mwenyewe kwamba umbo la chumba liliamuliwa na mti. Mwongezee kuwa boriti za mwambao huu zilipakiwa majahazini kwenda Oman na Ghuba, nchi zisizo na miti ya kutosha, na ndiyo maana nyumba za zamani za huko nazo zina vyumba vyembamba hivyo hivyo. Kwa mgeni kutoka Maskati, maelezo haya yanamgusa kuliko hadithi yoyote ya vita.

Kisha mfundishe ugonjwa wa nyumba hizi. Ukuta wa tumbawe na chokaa hufyonza unyevu na kuutoa. Ukipakwa lipu ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, chokaa inalegea, na baada ya muda saruji inabanduka vipande vipande na kutoka na mawe. Katika mitaa mingi utapata mfano wa kuonesha: lipu ya kijivu iliyopasuka, na nyuma yake udongo mwekundu unaomwagika kama unga. Paa likivuja, maji yanafuata ncha za boriti zilizozama ukutani, boriti zinaoza kwa siri, na siku moja sakafu inashuka.

Wageni watauliza kwa nini nyumba zimeachwa mpaka zikafika hapo. Jibu bila kumlaumu mtu na bila kuficha. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, wenyewe wengi wakahama, na jumba lililokuwa la ukoo mmoja likagawiwa familia kadhaa. Kila familia ilikuwa na chumba chake, lakini paa halikuwa la mtu. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ukarabati unaendelea, na nyumba nyingine bado zinaanguka. Yote mawili ni kweli, na mgeni anastahili kuyasikia yote mawili.

Hatua ya 4: Chagua vituo vichache

Vituo saba vinatosha kwa saa tatu. Njia ninayoipendekeza kwa anayeanza ni hii, nawe utaibadilisha kadiri unavyozoea.

Anza Ngome Kongwe, karibu na Bustani ya Forodhani. Hapo Wareno walikuwa na kanisa. Waomani walipowafukuza mwishoni mwa karne ya 17 wakajenga ngome juu ya magofu. Ukuta wake haukufichwa kwa lipu nzito, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kutoa somo la mawe. Ndani pana jukwaa la wazi ambapo tamasha la filamu la nchi za jahazi na tamasha la muziki la Sauti za Busara yamekuwa yakifanyika. Dakika kumi na tano, muondoke.

Jirani yake ni Beit al-Ajaib. Sultan Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na makaribisho. Wageni wengi huambiwa ni jumba la Kiarabu. Waoneshe nguzo. Ni za chuma cha kusubu, zilizoletwa kutoka ng'ambo, na ndizo zilizobeba roshani pana zinazozunguka jengo ghorofa hadi ghorofa. Barghash aliwahi kupelekwa uhamishoni Bombay baada ya kushindwa kumng'oa kaka yake Majid kwenye kiti, na aliyoyaona huko alirudi nayo. Kwa hiyo katika jengo moja una tumbawe la Unguja, milango ya nakshi yenye aya za Kurani, na chuma cha viwanda vya Ulaya. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mabomu eneo hili kwa muda usiofika saa moja. Mnara wa taa uliokuwa mbele ya jumba uliharibiwa, jumba la jirani la Beit al-Hukm likabomoka, na mnara wa saa ukaja kuongezwa kwenye Beit al-Ajaib yenyewe baadaye. Halafu tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya jengo pamoja na mnara wa saa ilianguka na watu wawili wakafariki. Simama mbali na uzio, na uulize hali ya kazi kabla ya kila safari, maana mambo hubadilika. Hapa usiharakishe. Mgeni aliyetoka kufundishwa habari za unyevu na boriti sasa anajua anatazama nini.

Fuateni Mizingani. Mnapita Beit al-Sahel, jumba la masultani lililogeuzwa makumbusho, ambamo kuna habari za Bibi Salme, binti wa Sultan Seyyid Said, aliyezaliwa 1844. Alitoroka mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Anayetaka kuingia atarudi siku nyingine, kwani makumbusho inakula saa nzima. Mbele kidogo ni Mti Mkubwa uliopandwa na Sultan Khalifa mwaka 1911, ambapo mafundi wa vyombo hukaa kivulini. Kisha mnafika Zahanati ya Zamani.

Zahanati hii nairejelea mara nyingi kwa sababu inamfanya mgeni ashangae. Tajiri Tharia Topan, Mhindi wa Zanzibar, alianza kuijenga mwaka 1887 kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Yeye alifariki mwaka 1891 na jengo likakamilika 1894. Tazameni roshani za mbao: kila ubao umetobolewa na kuchongwa, vioo vya rangi vimepangwa juu ya matao, na lipu imefinyangwa maua. Hakuna nyumba ya Kiomani itakayokuonesha mapambo yake namna hii barabarani. Mwenye nyumba wa Kiomani aliweka uso wa nyumba mtupu, madirisha ya chini machache, na uzuri wote akauelekeza kwenye ua wa ndani. Tajiri wa Kihindi aliuweka uzuri nje, wapita njia wauone. Mgeni akishaishika tofauti hiyo, mji mzima unaanza kusomeka, na utamsikia akibahatisha mwenyewe kila mkikata kona. Jengo lilikarabatiwa miaka ya 1990 na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni.

Kutoka hapo ingieni Kiponda na Hurumzi, mitaa ya maduka. Chini duka, juu makazi. Onesha milango ya maduka yenye mbao zinazokunjika, ambazo zikifunguliwa duka zima linakuwa wazi. Sikilizeni pia: ndani ya mwendo wa dakika chache mnapita misikiti, chuo cha Kurani na hekalu la Wahindu. Kama mna bahati mtapita chini ya wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, ili wanawake wa pande zote mbili watembeleane bila kushuka mtaani.

Vituo vinavyobaki, yaani Mkunazini, Jaws Corner na Shangani, nitavieleza katika hatua zinazofuata kwa kuwa kila kimoja kina adabu yake. Hamamni, bafu za umma zilizojengwa wakati wa Barghash, ziweke akiba kwa siku ya jua kali. Msikiti wa Malindi wenye mnara wa umbo la pia ni wa kupitia kwa nje tu, labda mtu aombe maalumu. Mwenye hamu ya majengo ya Kiingereza mpeleke Vuga na Mnazi Mmoja akaone kazi za msanifu John Sinclair, hasa Beit el-Amani ya mwaka 1925 na kuba lake. Na anayetaka kujua kisa cha mji upande wa pili, avuke Darajani hadi Michenzani, kwenye majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Hilo ni somo la asubuhi nyingine kabisa.

Hatua ya 5: Wasomeshe mlango mmoja

Kila mgeni amekuja na picha ya mlango kichwani. Usiwaoneshe milango thelathini. Chagua mmoja mzuri na mkae nao dakika kumi, halafu mitaani waachie wao wailinganishe mingine na ule.

Anzeni juu. Kwenye kizingiti cha juu tafuta maandishi ya Kiarabu, ambayo mara nyingi ni aya au dua, na pengine mwaka wa Hijria. Jifunze tarakimu za Kiarabu hata kama husomi Kiarabu: nukta ni sifuri, na kiduara ni tano, jambo linalowachanganya wengi. Kuugeuza mwaka wa Hijria, uzidishe kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1300 unakupa 1261, ukiongeza 622 unapata 1883. Hesabu hii inaweza kupishana kwa mwaka mmoja, lakini wape wageni waifanye wenyewe kwa simu zao. Watu hufurahi sana wanapoivumbua tarehe badala ya kuambiwa.

Shukeni kwenye miimo, yaani nguzo za kando za mlango. Nakshi hupanda kutoka chini kwenda juu: mara nyingi utaona samaki au magamba yake na mawimbi chini, kisha shina la mmea linalopanda, maua ya yungiyungi, waridi, pengine majani ya mtende au mti wa ubani. Watembezaji hupenda kuipa kila nakshi maana moja isiyobadilika: samaki uzazi, mtende neema, ubani utajiri. Maana hizo zinasimuliwa na si vibaya kuzitaja, ila sema kwamba zinasimuliwa. Fundi alichonga pia kwa sababu nakshi ile ilipendeza, na kwa sababu mwenye nyumba jirani alikuwa nayo.

Mnyororo ndio unaoleta taabu. Utasikia mitaani kwamba mlango wenye nakshi ya mnyororo ulikuwa wa mfanyabiashara ya watumwa. Nakuomba usiiseme habari hiyo kama ukweli. Mnyororo uliochongwa kuzunguka miimo unaelezwa vilevile kuwa ni kinga ya nyumba na waliomo, na huwezi kumhukumu mwenye nyumba kwa nakshi peke yake. Unguja ina ushahidi mzito wa biashara ya watumwa. Haihitaji kuongezewa.

Katikati ya mlango pana mfaa, ule ubao mwembamba uliosimama na kufunika mwanya wa mbao mbili zinapokutana. Mara nyingi ndiyo sehemu iliyochongwa kwa ufundi mkubwa zaidi. Misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka nayo ina hadithi yake, kwamba huko India ilizuia tembo wasivunje milango. Unguja haikuwa na tembo wa vita, na hapa shaba ilikuwa pambo na heshima.

Mwisho wape njia rahisi ya kutofautisha. Mlango wa mstatili wenye kizingiti kilichonyooka na nakshi za majani na maua ni wa mtindo wa Kiarabu. Wenye tao juu, lililojaa nakshi nzito, ni wa mtindo wa Kihindi. Wenye mbao zilizogawanywa miraba midogo midogo ni wa Kigujarati, na huo utauona zaidi mitaa ya maduka. Waonye kuwa milango huhama. Ipo iliyong'olewa kwenye nyumba iliyoanguka ikapachikwa hotelini, na ipo mipya iliyochongwa juzi. Kagua pale fremu inapokutana na ukuta: kama pengo limejazwa saruji na nakshi ina makali kwenye kingo zake, mlango huenda ni mgeni pale. Pita na wageni kwenye karakana ya mchongaji wakaone patasi ikifanya kazi. Hiyo ndiyo sanaa iliyo hai, na fundi akiuza kisanduku siku hiyo, faida inabaki mtaani.

Hatua ya 6: Mkunazini, punguza sauti

Kanisa la Anglikana limesimama mahali palipokuwa na soko la watumwa. Mwaka 1873 Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko hilo, na mwaka huo huo wamisionari wa Kiingereza wakaanza kujenga. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia kazi. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, na Steere mwenyewe, aliyefariki 1882, amezikwa nyuma ya altare. Inaelezwa kwamba altare iko mahali uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Ndani pana msalaba uliotengenezwa kwa mbao za mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone huko Chitambo, katika nchi ya leo ya Zambia. Kwa upande wa ujenzi, tazameni matao yenye ncha ya Kigothi yaliyowekwa pamoja na mapambo ya Kiarabu, kwenye kuta za tumbawe lile lile la kisiwa.

Nje kuna sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998: watu watano ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni. Hapo mtembezaji anyamaze. Wape wageni dakika zao, na usiruhusu mtu akae ukingoni kupiga picha za kujionesha. Mwambie kwa upole lakini mwambie.

Kuna vyumba vya chini vyenye dari fupi ambavyo wageni huteremshwa na kuambiwa watumwa walifungiwa humo. Jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari kama hospitali baada ya soko kufungwa. Mimi huwaeleza wageni hivyo hivyo, kisha nawapeleka kwenye maonyesho ya picha na maandishi yaliyopo hapo hapo, ambayo yanaeleza biashara nzima kutoka bara hadi pwani hadi mashamba ya karafuu. Hakuna mgeni aliyewahi kuondoka akiona habari imepungua uzito kwa kuelezwa kwa uangalifu. Na ukiwa na kundi la wanafunzi kutoka bara, kumbuka kuwa wengine wanasikia habari za babu zao.

Hatua ya 7: Kaeni barazani

Kutoka Mkunazini nendeni Jaws Corner, Sokomuhogo, mkapumzike. Baraza, yaani kibao cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, ni sehemu ya usanifu sawa na mlango. Huwawezesha wanaume kupokea watu bila kuwaingiza ndani, ni mahali pa bao, dhumna na siasa, na masika maji yakijaa kichochoroni watu hupita juu yake.

Unapofika toa salamu kwanza wewe, kwa sauti, kabla wageni hawajatoa simu zao: "Asalaam aleikum." Wakubwa kwako wape shikamoo. Kisha omba nafasi: "Wazee wangu, nina wageni, tunaomba tukae kidogo." Hunyimwi baraza kwa kuomba. Agiza kahawa chungu kwa kashata, na uwalipie wageni kikombe cha kwanza, kwa kuwa gharama yake ni ndogo na kinafungua mazungumzo. Wageni wafundishe mapema kwamba hapigwi mtu picha bila ruhusa yake, hususan kina mama na watoto, na kwamba mlango ulio wazi si mwaliko. Daka, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia nyumba, limepindishwa makusudi ili anayepita asione ndani. Anayechungulia anakwenda kinyume na kile ambacho jengo lenyewe lilikusudia.

Mavazi yasemwe siku moja kabla, kwa ujumbe, wala si asubuhi mnapokutana mbele ya wenzake. Mabega na magoti yafunikwe. Beba kanga mbili begani kwa dharura. Ijumaa panga njia yako isipite misikitini kati ya saa sita na saa nane. Mwezi wa Ramadhani kahawa ya barazani haipo mchana, na maji mnywe faragha. Wageni wakielezwa sababu hufuata bila shida.

Hatua ya 8: Maliza Shangani, na uwe mkweli dukani

Pitieni Minara Miwili, kanisa la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu lililojengwa na wamisionari wa Kifaransa miaka ya 1890, kisha teremkeni Shangani. Mlango wa nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara ya pembe na watumwa aliyefariki mwaka 1905, ni kipimo kizuri: waulize wageni wausome wao, nawe nyamaza. Wataanza kizingitini. Wengine wataulizia nyumba ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Makumbusho yake ipo hapo hapo Shangani, waoneshe bila kununa.

Mtaa wa Gizenga una maduka ya picha. Wageni wataziona Tingatinga na kudhani ni sanaa ya Zanzibar. Waambie kwamba mtindo huo ulianzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, na kwamba wachoraji wengi wa Gizenga wanautumia. Wakitaka kitu cha mji huu, waelekeze kwenye kazi za mbao na masanduku yaliyopigwa njumu za shaba. Kama unapata kamisheni kwenye duka fulani, usimwambie mgeni kwamba ndilo duka bora mjini. Mpeleke maduka mawili, mpe nafasi achague, na ukae nje.

Hatua ya 9: Weka daftari

Kila safari itakuletea swali usilo na jibu lake. Mwambie mgeni utalitafuta, liandike, chukua anwani yake, na kweli ulitafute. Nyaraka za Taifa ziko Kilimani na zina ramani, picha na barua za zamani. Watu wa Mamlaka ya Mji Mkongwe wanajua nyumba ipi inakarabatiwa na kwa nini. Na wazee wa barazani wanajua nani alikaa wapi kabla ya 1964, ila usiwaulize siku moja ukatoweka. Majibu mawili yakipingana, yaandike yote mawili pamoja na jina la aliyekwambia. Daftari hilo ndilo litakalokuambia kituo gani ukipunguze na kipi ukiongezee muda msimu ujao.